Patasi ya Mwalimu: Qufu, misumari na paa lililopinda

Mwezi uliopita niliweka humu mistari isiyozidi kumi kuhusu Qufu, mji wa Confucius, mwalimu wa kale wa China, katika jimbo la Shandong, nilikopitishwa na binti yangu alipokuwa anasoma Jinan. Nikasema hekalu lake la mbao halina hata msumari mmoja. Nilidhani najaza nafasi tu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi kuliko zile za makala ya mchwa, na kwa Mwanza kuzishinda barua za mchwa si jambo dogo. Nimechagua hizi. Wengine mnisamehe, na wewe wa Buswelu uliyeniuliza bei ya viza, mimi ni seremala.

*Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa seremala kwenye daraja la Kigongo–Busisi, nikipanga mbao za kumwagia zege. Msimamizi wetu mmoja, Mchina, alikuwa mtu wa Shandong. Kila akiona kiungo changu kimekaa sawasawa alikuwa anasema nikifika kwao nisikose hekalu la Confucius. Sasa nimepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja hukohuko. Shida yangu, mimi si mtu wa historia. Naogopa nitafika, nitapiga picha, nitarudi. Nitazame nini?*
Fundi wa Busisi

Marahaba, mwanangu. Aliyepanga mbao za kumwagia zege anajua kitu ambacho wageni wengi pale hawakijui, kwamba mzigo lazima uende mahali. Kazi yako Qufu ni hiyohiyo: ufuate mzigo wa paa mpaka ufike ardhini.

Kwanza jiandae kutembea. Hekalu limenyooka kutoka kusini kwenda kaskazini zaidi ya kilomita moja, nyua tisa zinafuatana, lango baada ya lango, katikati ya miti mikubwa ya saipresi, jamii ya ile tunayopanda kwenye uzio. Binti yangu aliniambia nipige picha ya kila lango. Lango la tano nikaweka simu mfukoni. Usiyamalizie macho yako kwenye malango.

Jengo la kukusimamisha ni Kuiwen, lililokuwa nyumba ya vitabu. Lilijengwa kwanza mwaka 1018, na hili utakalolikuta ni kazi ya enzi ya wafalme wa Ming (1368–1644). Ni la mbao, lina paa tatu zilizopandana, na linapita mita 23 kwenda juu. Usikimbilie kuingia. Nenda kwenye pembe, simama karibu na nguzo, inua shingo.

Utaona kitu kama kichaka cha mbao kati ya kichwa cha nguzo na paa. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Kitenganishe polepole kwa macho. Chini kabisa kuna kipande cha mraba kilichopunguzwa upande wa chini. Wachina wanakiita dou, na dou ni jina la kipimo chao cha nafaka, kwa hiyo mimi nikakiita pishi. Juu ya pishi hilo pamechimbwa mifereji miwili iliyokatana, na ndani ya mifereji imelazwa mikono miwili, mmoja unakwenda sambamba na ukuta, mwingine unatoka nje kuelekea kwako. Kila mkono umepinda kwenye ncha kama mtumbwi ukiutazama ubavuni. Huo wanauita gong. Kwenye ncha za mikono kuna mapishi madogo, nayo yanabeba mikono mingine mirefu zaidi, nayo mikono hiyo inabeba mapishi mengine. Kila ngazi inajitokeza nje kidogo kuliko ya chini yake. Ikifika juu, ukingo wa paa umeshatolewa mbali na ukuta bila nguzo yoyote ya kuusaidia kwa nje.

Ya nini kazi yote hiyo? Mvua. Nilikwenda mwezi wa saba, wakati wao wa mvua, na ikatunyeshea tukiwa palepale. Watu wakakimbilia kwenye lango. Mimi nikabaki chini ya paa natazama maji yanapoangukia. Kutoka kwenye kitako cha nguzo mpaka kwenye mstari wa matone ilikuwa hatua zangu mbili nzima, na nguzo ilikuwa kavu kama kuni ya jikoni. Hapo nikakumbuka nyumba zetu za Igoma, bati limekatiwa palepale ukuta unapoishia ili kuokoa karatasi mbili, na tofali la chini linaliwa na maji kila masika.

Sasa shusha macho. Nguzo haikuchimbiwa ardhini. Imesimama juu ya kitako cha jiwe, basi. Mchwa hapati njia ya siri, unyevu haupandi, na ardhi ikitikisika nguzo ina nafasi ya kusogea kidogo badala ya kuvunjika. Viungo vya juu navyo vinacheza, vinalia, vinatulia. Ukuta uliopo kati ya nguzo haubebi chochote, ni kama pazia. Wachina wana msemo kwamba ukuta unaanguka, nyumba inabaki. Wewe uliyezoea zege, ambalo sifa yake ni kutosogea, hapo simama muda mrefu kidogo.

Mbele zaidi ndipo lilipo jumba kuu, Dacheng, na huko ndiko umati ulipo. Barazani kwa mbele kuna nguzo 10 za mawe, kila moja jiwe moja la karibu mita 6, zimechongwa majoka yanayozunguka mpaka juu. Nguzo za mawe za baraza lote ni 28, ila za pembeni na nyuma zimechorwa kwa wepesi. Wenyeji wanasimulia kwamba mfalme mkuu akija kutembelea, nguzo zile za mbele zilifunikwa kwa hariri asije akaona wivu. Kila mtu anazipiga picha. Mimi nilizipa dakika tano. Mawe tunayo Mwanza.

Neno la mwisho: vizingiti vyao viko juu, vinakufika karibu na goti. Vuka, usikanyage. Nina kovu kwenye muundi wa mguu wa kulia.

*Baba Mwalimu, mwanangu naye amepangiwa na wenzake wa chuo kulitembelea hekalu hilo. Sisi ni watu wa kanisa. Je, hawatamwabudisha?*
Mama wa Igoma

Hapana, mama. Neno hekalu ndilo linalokutisha, kwa sababu tumelizoea kwenye Biblia. Confucius alikuwa mwalimu. Alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo, akafa 479, na mwaka uliofuata mtawala wa nchi yake ya Lu akaifanya nyumba yake, ya vyumba vitatu, kuwa mahali pa kumkumbuka. Kutoka hivyo vyumba vitatu ndiyo hekalu lote lile likakua.

Sitakuficha, wafalme walichinja na kutoa sadaka pale kwa karne nyingi, na hadi leo utaona mwanafunzi anainamisha kichwa kabla ya mtihani. Lakini mgeni anakata tiketi, anaingia, anatoka, hakuna anayemuuliza imani yake. Kwenye mahekalu mengine ya Confucius hata sanamu mara nyingi hakuna, kuna kibao cha mbao chenye jina lake. Mfalme mmoja wa Ming aliagiza hivyo mwaka 1530. Qufu sanamu ipo, ila ni mpya. Ya zamani ilivunjwa mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Mimi nilivua kofia kama ninavyovua msibani, halafu nikaendelea kutazama dari.

*Mwalimu, uliandika "hakuna hata msumari mmoja". Mimi nauza vifaa vya ujenzi Nyakato miaka kumi na saba. Nakataa.*
Muuza Misumari

Umenikamata, ndugu yangu. Niliandika nilivyoambiwa na yule mwongoza watalii mwenye kipaza sauti, na nilipaswa kuuliza maana nimefundisha useremala miaka mingi.

Ukweli ni huu. Mifupa ya nyumba, yaani nguzo, boriti na yale mapishi na mikono, imeshikana kwa ulimi na tundu, na hapo msumari hauna kazi. Lakini mbao nyembamba zinazoteremka kubeba vigae zinapigiliwa misumari. Vigae vya ukingoni navyo vina misumari ili visiporomoke, na tundu la msumari likiachwa wazi mvua inaingia, kwa hiyo linafunikwa kofia ya udongo uliochomwa. Wale wanyama wadogo uliowaona kwenye picha, wamejipanga foleni kwenye pembe za paa nyuma ya mtu aliyeketi mgongoni mwa ndege wa mabawa, asili yao ni hiyo: vifuniko vya misumari. Baadaye idadi yao ikawa cheo, jengo kubwa wanyama wengi. Kwa hiyo msumari wako ulikuwa juu ya paa la mfalme, umevalishwa simba.

*Mwalimu, mimi nafundisha historia huku Magu. Nimesoma kwamba hilo jumba la Dacheng liliungua kwa radi mwaka 1724 na kujengwa upya, likakamilika 1730. Sasa mbona mnaliita la kale? Si ni kama kanisa la Wamisionari tu, limetangulia kidogo?*
Mwalimu mwenzako

Swali lako limeninyima usingizi siku mbili, mwenzangu. Na hata hukulitaja lote, kwani liliungua kwa radi pia mwaka 1499.

Jibu rahisi ningekupa la ngoma. Ngoma ikipasuka inawambwa ngozi mpya, na hakuna Msukuma atakayekuambia hiyo ni ngoma nyingine. Mafundi wa 1724 hawakukaa kubuni. Walijua nguzo inakaa wapi, pishi linakaa wapi, wakarudisha. Kilichorithiwa ni kazi.

Lakini jibu hilo nikilichunguza linapwaya. Kazi yenyewe ilibadilika. Ukitazama mikono ya chini ya paa la Dacheng utaikuta midogo, mingi, imebanana kama meno ya kitana. Huko nyuma haikuwa hivyo. Jumba la mashariki la hekalu la Foguang, katika jimbo la Shanxi, ni la mwaka 857 na mbao zake bado zimesimama (hilo ni la Kibudha, si la Confucius), na mikono yake ni mikubwa hasa, inafika karibu nusu ya urefu wa nguzo. Pale kila kipande kinabeba. Kufika enzi ya Qing, ndiyo iliyolijenga upya Dacheng, boriti zilikuwa zimeshajua kujibebea zenyewe, na vipande vingi vya chini ya paa vimebaki kama watu wa msafara wa harusi: wapo, wamependeza, mzigo wameshika wengine.

Kwa hiyo nasema Dacheng ni jengo la 1730, na ulitazame kama jengo la 1730. Si aibu. Kuiwen naipenda zaidi, na nimeeleza kwa nini. Anayetaka mbao nzee kweli ndani ya Qufu aulize vile vibanda vya mawe ya maandishi. Viwili kati yake ni vya enzi ya Jin, karne ya 12. Watu wanavipita wakikimbilia majoka. Mimi mwenyewe nilivipita, nikarudishwa na binti yangu.

*Babu, shikamoo. Natengeneza mitumbwi Kayenze. Nina maswali mawili. Paa lao linapindaje, wakati mbao zimenyooka? Na kazi ile inawezekana kwa mninga wetu?*
Kijana wa Kayenze

Marahaba, mjukuu. Kayenze ndiko nilikoshikia patasi ya kwanza, kwa baba yangu, kwa hiyo wewe nakujibu kwa kalamu ya taratibu.

Sisi tukiezeka tunapiga kenchi. Kenchi ni pembetatu, na pembetatu haipindi: mbao mbili zimeshuka zimenyooka, umekwisha. Mchina wa zamani hakupiga pembetatu. Alilaza boriti ndefu juu ya nguzo mbili. Juu ya boriti hiyo akasimamisha vijiti viwili vifupi, ndani kidogo ya ncha. Juu ya vijiti akalaza boriti fupi zaidi. Juu yake tena vijiti, tena boriti fupi, mpaka kileleni anabaki na kijiti kimoja katikati. Ni kama kupanga masanduku, kubwa chini, dogo juu. Kwenye ncha za kila boriti ndipo inapokaa mbao ndefu ya kubebea paa.

Sasa angalia ujanja. Vile vijiti si lazima vilingane. Ukifanya vya chini vifupi na vya juu virefu, paa linateremka kwa kasi kutoka kileleni halafu linalegea likikaribia ukingoni. Kila mbao kivyake imenyooka. Mpindo umepatikana kwa urefu wa vijiti tu. Wewe unapochagua mbavu za mtumbwi, pana katikati na nyembamba kwenye omo, unafanya hesabu hiyohiyo, umeilaza tu chali.

Na hesabu ilikuwepo, tena imeandikwa. Mwaka 1103 serikali ya wafalme wa Song ilitoa kitabu cha ujenzi kiitwacho Yingzao Fashi, kilichoandaliwa na Li Jie. Mbao za ule mkono wa chini ya paa zilipewa madaraja 8 ya ukubwa. Fundi anachagua daraja kulingana na jengo, na kutoka hapo vipimo vingine vinatoka kwa uwiano: nguzo, boriti, mpindo. Kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya uzuri. Kiliandikwa ili makadirio yasipandishwe na vifaa visipotee njiani, jambo ambalo wewe na mimi tunalielewa bila mkalimani. Mpaka siku ya kazi imepimwa: siku za majira marefu zilihesabiwa kazi zaidi, siku fupi za baridi zikapunguziwa sehemu moja ya kumi. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka mkuu wa chuo kimoja nilichofundisha. Alitufutia vipindi vya viungo vya mbao akasema siku hizi kuna gundi na misumari, wanafunzi wasichoshwe. Yeye hakuwahi kushika randa.

Kuhusu mninga, inawezekana, ila mninga ni ghali na hapa kichwa chako kitaumia kwa kila kosa. Anza na msonobari. Mimi nilirudi nyumbani nikachonga pishi moja, mikono minne na mapishi madogo manne. Wiki tatu. La kwanza nililipasua kwa sababu niliikata mikono yote miwili upande mmoja. Nikasahau kwamba mikono inapokingamana, mmoja unakatwa nusu ya juu, mwingine nusu ya chini, na ule uliokatwa juu, unaokaa chini ya mwenzake, ndio unaotakiwa kuingia kwanza. Ukifuata mpangilio mbaya unabaki na kipande mkononi na hakuna pa kukiingiza. Acha nafasi ya unene wa karatasi kwenye kila tundu. Ukibana kama unavyobana mbao za mtumbwi, msonobari ukinywa unyevu wa ziwa unavimba na pishi linapasuka lenyewe usiku. Nilisikia mlio nikadhani ni panya.

Rangi yao nayo si rangi tu. Chini yake kuna tabaka za nyuzi za katani ya kwao, unga wa matofali, chokaa, mafuta ya mti wa tung na damu ya nguruwe. Ni kazi ileile ya pamba na vipande vya bati mnavyozibia maungio ya mtumbwi, kuzuia maji yasifikie mbao. (Mama wa Igoma, hiyo ya damu usiisome.)

*Mwalimu, mimi mfanyabiashara, naenda Yiwu kuchukua mzigo, narudi kupitia Beijing. Nina nusu siku tu. Qufu ni mbali?*
Dada wa Makoroboi

Mbali kwa nusu siku. Kwa treni ya kasi ni zaidi ya saa mbili kwenda tu, na stesheni iko nje ya mji. Lakini Beijing kwenyewe kuna hekalu la Confucius, la mwaka 1302, mtaa wa Guozijian, karibu na kituo cha treni ya chini cha Yonghegong. Beba pasipoti. Uani utakuta mawe 198 yamesimama kama watu, yamechongwa majina ya waliofaulu mtihani mkuu wa serikali katika enzi tatu, zaidi ya 51,000. Mlango wa pili ni chuo cha kifalme cha zamani, chenye jumba la mraba katikati ya bwawa la mviringo. Nusu siku inatosha, na mzigo wako utausubiri bandarini Dar hata ukichelewa kuuwazia.

*Na sisi tusio na nauli ya kwenda hata Shinyanga?*
Wengi wetu, Mabatini

Pandeni daladala ya Kisesa, mshuke mtembee mpaka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kanisa lile la duara, lililofuata umbo la nyumba zetu za msonge, litazameni kwa ndani, juu, jinsi mbao zinavyokutana kileleni. Banda la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Nendeni asubuhi, mwanga unaingia vizuri.

*Mwalimu, hicho kipande ulichochonga unakiuza?*
Mteja, Capri Point

Hakiuzwi. Mjukuu wangu anakibomoa kila Jumapili baada ya ibada na kukijenga upya mezani, na mimi nakaa pembeni nimekatazwa kusema. Jumapili iliyopita alimaliza, kikasimama vizuri kabisa, na mkono mmoja ukabaki umelala kando ya kikombe changu cha chai. Tumekitazama hadi jioni. Bado hatujajua ule mkono ulikuwa unabeba nini.